Upatanishi wa mahakama: tathmini ya huduma iliyotufikisha kwenye daftari la kaka

Kwa miaka mitatu, mimi na ndugu zangu watatu tulikuwa tukionana mahakamani tu, kwa sababu ya nyumba nane za kupangisha ambazo baba alituachia mtaani Manyatta, Kisumu, bila wosia. Mama naye alipofariki, kaka yetu mkubwa aliendelea kukusanya kodi peke yake, nasi wadogo tukaamini kwamba anaila. Kesi ya mirathi ilitajwa na kuahirishwa mara nyingi, hatimaye ikaelekezwa kwa mpatanishi. Ninaandika kwa ajili ya wale waliopata barua kama ile yangu na wanaodhani, kama nilivyodhani, kwamba mahakama imechoka nao.

Huduma hii ina msingi katika kifungu cha 159 cha Katiba ya Kenya ya 2010, kinachozitaka mahakama zihimize njia mbadala za kutatua migogoro. Ilianza kwa majaribio mwezi Aprili 2016 huko Milimani, Nairobi, katika vitengo vya familia na biashara, kisha ikasambazwa vituo vingine. Wenye kesi hawamlipi mpatanishi ada yoyote, naye hupewa siku 60 za kufanya kazi yake. Hana mamlaka ya kuamua nani ana haki. Mkishindwa kuelewana, shauri hurudi kwa jaji, na yaliyosemwa katika vikao hubaki siri hata kwake. Kwa sababu ya siri hiyo, ninasimulia hapa yale tu ambayo sisi wanne tumekubaliana yasimuliwe.

Mpatanishi wetu, mama wa makamo aliyezungumza nasi kwa Kiswahili na Dholuo, alianza kwa sharti moja: kila mmoja aseme hadi amalize, na anayefuata, kabla ya kutoa lake, arudie alichosikia mpaka mwenzake akubali kwamba ndicho alichosema. Nililiona jambo la kitoto. Ilipofika zamu yangu, nilieleza kwamba kaka amesema hana hesabu ya kodi. Akatikisa kichwa. "Dada, sikusema sina hesabu. Nilisema hakuna aliyewahi kuniuliza." Nilijaribu tena nikakosea tena, kwa kuwa nilikuwa nikirudia yale niliyoyaamini kwa miaka mitatu wala si maneno yake.

Ndipo alipotoa kwenye mfuko wa plastiki daftari la kurasa 96, jalada lake limeanza kubanduka. Upande mmoja aliandika kodi ya kila chumba, mwezi kwa mwezi. Upande wa pili dawa za mama, nauli ya kliniki, tenki la maji, na choo kilichobomoka wakati wa mvua. Palikuwa na miezi miwili isiyo na maelezo. Mpatanishi hakumshutumu, ila aliweka kidole kwenye nafasi hiyo tupu akangoja. Kaka alisema kwamba alilipa karo ya mtoto wake na kwamba alikuwa na haya kutuambia. Kwa hati za kiapo za mawakili, nina hakika miezi hiyo miwili ingeitwa wizi.

Baadaye mpatanishi alituona mmoja mmoja faraghani. Hakuniuliza ninataka shilingi ngapi. Aliuliza fungu langu lingenifanyia nini. Sikuwa nimewahi kulifikiria swali hilo. Mimi nilitaka kujua kinachoingia, kaka alitaka kazi yake ya kusimamia nyumba itambuliwe, na wadogo wetu wawili waliogopa kwamba nyumba zitauzwa. Haja hizo hazikugongana hata kidogo, ingawa madai yetu mahakamani yaligongana kila aya. Katika kikao cha tatu tulikubaliana: kaka apate asilimia kumi ya kodi kwa usimamizi, fungu la matengenezo litengwe, kinachobaki kigawanywe sawa kwa wanne, na hesabu itunzwe na mdogo wetu wa mwisho.

Kasoro zilikuwepo. Katika kituo tulichohudumiwa, ambacho sitakitaja, taarifa ya kikao cha kwanza haikumfikia ndugu yetu mmoja, hivyo wiki mbili zikapotea. Fomu tulizopewa zilikuwa kwa Kiingereza, na kaka, aliyeishia darasa la saba, alilazimika kumwamini aliyemsomea. Hili la lugha lilinisikitisha zaidi ya yote, kwa kuwa makubaliano yakishathibitishwa na mahakama huwa amri yake na hayakatiwi rufaa. Mtu asitie saini karatasi asiyoielewa. Aombe atafsiriwe kila mstari, hata kama wengine wamesimama wakimngoja.

Pia sitamshauri mtu anayemwogopa mwenzake, kwa mfano aliyepigwa au kutishwa, aketi naye meza moja kwa matumaini ya kuelewana. Huyo anahitaji kwanza ulinzi wa mahakama. Kwa ndugu, majirani wenye mpaka mmoja, au washirika wa biashara waliokwisha kuzoea kuzungumza kupitia mawakili, ningesema waende, na waende na karatasi zote walizo nazo.

Sasa kila tarehe 5 mdogo wetu hutupigia picha ukurasa mpya wa daftari na kututumia. Mwezi uliopita tenki lilipasuka, na kaka alinipigia simu kuniuliza tununue la ukubwa gani.