Kabla hujalipia kompyuta iliyotumika, fungua kivinjari chake

Laptopu niliyoinunua mara ya mwisho ilinifurahisha kwa siku tatu. Kioo safi, betri inakaa, kibodi haijafutika hata herufi moja. Siku ya nne nikataka kuingia kwenye akaunti yangu ya benki, ukurasa ukagoma: kivinjari chako kimepitwa na wakati. Nikabonyeza kusasisha, wapi! Chrome iliyokuwemo ilikuwa toleo la 109, la mwisho kutengenezwa kwa ajili ya Windows 7 na 8.1, mwanzoni mwa 2023. Muuzaji alikuwa ameniapia kwamba mashine haina tatizo lolote.

Kuhusu prosesa, kumbukumbu na ukubwa wa diski sitasema kitu. Hayo kila muuzaji anayajua kwa moyo. Nataka uulize jambo moja ambalo hawaligusi: kivinjari cha mashine hii kitaendelea kupata masasisho hadi lini? Kwa kuwa kivinjari ni bure, hakuna anayekihesabu kwenye bei. Lakini benki, barua pepe na fomu zote za maisha yako zinapita humo. Kila toleo jipya linapotoka, mianya ya usalama iliyozibwa hutangazwa, na wezi nao wanasoma matangazo hayo. Aliyebaki na toleo la zamani amebaki na mianya inayojulikana na kila mtu.

Kwanza ujue unatumia nini. Wengi ukiwauliza hujibu "Google", na Google ni mtambo wa kutafutia. Kivinjari ni programu unayofungulia kurasa. Kwenye kompyuta bonyeza menyu, yaani nukta tatu kwa Chrome na Edge au mistari mitatu kwa Firefox, ingia Msaada, kisha Kuhusu. Utaona jina na namba ya toleo, na hapo hapo programu itaanza kujitafutia sasisho. (Kiungo ulichokibonyeza ndani ya programu ya kuchatia mara nyingi hufunguka humo humo, kwa hiyo usikitumie kukagulia kivinjari chako.)

Sasa nivipange, kwa kigezo hicho kimoja: mashine ikizeeka, nani anachelewa zaidi kukutupa?

Cha kwanza ni Firefox, na sifichi kwamba nakipenda. Chrome ilipoziacha Windows 7 na 8.1, Mozilla, watengenezaji wa Firefox, ilizibakishia Firefox 115 ya msaada wa muda mrefu, iliyotoka Julai 2023, ikaendelea kuitolea viraka, yaani masasisho ya kuziba mianya, na kusogeza mbele tarehe ya kuisha zaidi ya mara moja. Ndiyo iliyonifungulia benki. Tena Firefox hubeba orodha yake ya vyeti vya usalama, vile vinavyothibitisha kwamba tovuti ni ya kweli, badala ya kutegemea ya mfumo wa mashine, kama Windows au Android. Ndiyo maana wenye simu za Android za kabla ya 7.1.1 walishauriwa waiweke, pale cheti kikongwe kilichotegemewa na tovuti nyingi kilipokaribia kuisha Septemba 2021. Simu ilikuwa haikitambui cheti kipya. Firefox ilikuwa inakitambua.

Cha pili, Edge cha Microsoft. Tangu 2020 kinatumia injini ile ile ya Chrome, yaani sehemu ya ndani inayosoma na kuonyesha kurasa, na ingawa msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft imeahidi kuendelea kukisasisha humo hadi angalau Oktoba 2028. Ahadi yenye tarehe naiheshimu.

Chrome nakiweka cha tatu. Ni chepesi kutumia na kinajisasisha vizuri mradi mashine ni changa, lakini hakina subira na wazee: tangu toleo la 139, mwaka 2025, simu isiyo na Android 10 au zaidi imeachwa nje.

Safari, kivinjari cha Apple, kinakuja mwisho. Kwenye iPhone husasishwa pamoja na mfumo wa simu, kwa hiyo mfumo ukikoma nacho kimekoma. iPhone 7 iliishia iOS 15. Na usidhani kuweka Chrome humo kutakuokoa, kwa sababu nje ya Umoja wa Ulaya na Japani vivinjari vyote vya iPhone hulazimika kutumia injini ya Safari.

Opera, Brave na wenzao wanaishi juu ya injini ya Chrome. Inapokwenda, nao hufuata.

Kinachoniuma ni bei. Mashine iliyobakiza miaka ya masasisho na ile iliyokwisha zamani zinapangwa rafu moja, kwa bei zinazokaribiana. Dawa huandikwa tarehe ya kuisha, kompyuta huandikwa "safi kama mpya". Nilipomrudia muuzaji wangu aliniambia niweke tu Windows mpya, kana kwamba nabadilisha betri ya saa. Niliiweka. Mashine ikawa nzito hata kufungua folda, na fedha yangu hakuirudisha.

Kwa hiyo ukiwa bado na hela mkononi, mwambie muuzaji aiunganishe mashine na intaneti mbele yako. Fungua Kuhusu, usubiri. Ikikwambia mfumo huu hautapata tena masasisho, au namba ikiwa nyuma na haisogei, iache hapo hapo mezani. Akisema intaneti haipo leo, rudi siku itakapokuwepo.