Mahamri ya Jana kwa Bei ya Leo

Mahamri manne, bakuli la mbaazi, chai ya maziwa. Hakuna oda ya kawaida kuliko hiyo asubuhi ya Mombasa, na mkahawa wa siku nyingi, wenye matawi mjini na wateja waliorithiana baba kwa mwana, hauna udhuru wa kuikosea. Waliikosea. Nililetewa mahamri ya jana yaliyotumbukizwa tena kwenye mafuta, na nilipouliza nikapewa jibu ambalo mpaka sasa linaniwasha: "Ndiyo yaliyoko. Kama huyataki sema niyaondoe."

Jina la mkahawa silitaji. Ila nitaeleza hamri la jana linavyojulikana, maana wengi wanalila na kulilipia bila kujua wameuziwa nini.

Hamri lililotoka karaini sasa hivi lina ngozi nyororo, limeiva rangi sawasawa pande zote mbili, na pembeni, pale lilipokuwa likielea, lina ukanda mwembamba uliopauka. Ukilipasua kwa mkono mvuke unatoka. Ndani ni uwazi mtupu, kuta zake kavu, harufu ya iliki inakupokea kabla hujatia mdomoni. Lililorudishwa kwenye mafuta halina ule ukanda. Limekolea rangi mpaka kingoni. Ngozi imekunjamana, kwa sababu lilikwisha kunywea usiku, na hamri lililonywea halifuri mara ya pili hata ulimwagie mafuta vipi. Ukilivuta linarefuka badala ya kupasuka. Na mafuta yameingia ndani: mara ya kwanza mvuke wa kinyunga unatoka kwa nguvu na kuyazuia, mara ya pili unyevu umepungua na hakuna cha kuyazuia tena. Liweke juu ya tishu dakika moja tu, utaona doa linavyotanda. Yangu yaliilowesha tishu mpaka meza ikaonekana.

Wako wanaoyapasha kwa maikrowevu. Hayo yanakuja laini na moto, yanakudanganya dakika mbili tatu, kisha yanakuwa magumu kuliko yalivyokuwa kabatini. Yale ya kurudishwa karaini angalau yanajitangaza.

Ninachoshindwa kuelewa ni kwamba mahamri si kazi ya kushinda mkahawa. Kilo moja ya unga wa ngano, sukari gramu 200 hivi, hamira kijiko kimoja cha kulia, iliki iliyotwangwa kijiko cha chai kilichojaa, na tui vuguvugu kiasi cha nusu lita, likitiwa kidogo kidogo kwa sababu unga haunywi sawa kila siku. Nazi moja kubwa inatosha. Ukanda mpaka kinyunga kisishike mikononi, dakika kumi na tano si nyingi. Kikishaumuka unakata madonge manane, unayafunika yapumzike, unasukuma kila moja unene wa nusu sentimita, unakata vipande vinne. Hapo una mahamri 32. Ukisukuma jembamba mno halina pa kufuria, linakuwa kama papadi. Ukiliacha nene linabaki na unga mbichi katikati. Vipande navyo vipumzike dakika ishirini chini ya kitambaa. Wengi wanaruka hatua hii kwa haraka zao, na ndiyo sababu mahamri yao yanafura upande mmoja.

Mafuta yawe ya moto kiasi kwamba ukitupia kipande kidogo cha kinyunga kinapanda juu papo hapo. Yakiwa baridi, hamri linakunywa mafuta. Yakizidi moto, nje linaungua na ndani bado. Unatia matano tu kwa mara moja, maana ukijaza karai joto linashuka, kisha unayamwagia mafuta juu kwa upawa mpaka yafure, ndipo unageuza. Mkupuo mmoja ni kama dakika tatu. Yote 32 hayafiki nusu saa.

Kwa anayefungua saa kumi na mbili asubuhi, kinyunga kinakandwa usiku, hamira ikipunguzwa mpaka kijiko cha chai, kwa sababu joto letu la Pwani halisubiri: ukitia kipimo kizima na kukiacha mpaka alfajiri utakikuta kimechacha na kunuka ulevi. Haya yote wapishi wa pale wanayajua. Wamefanya hivyo miaka na miaka. Kwa hiyo sikubali kuambiwa ni uhaba wa ujuzi.

Nijuavyo mimi, tatizo ni kukaanga yote mara moja alfajiri, kuyajaza kwenye chombo kilichofunikwa yakatoa jasho, na kuhesabu yaliyobaki jioni kama hasara inayopaswa kuokolewa. Anayekaanga kwa mikupuo, saa kumi na mbili, saa mbili, saa tatu na nusu, habaki na mengi. Na yakibaki, hamri la jana si haramu. Majumbani tunalichovya kwenye chai ya rangi, linalainika, na wapo wanaolipenda hivyo kuliko la moto. Liuzwe nusu bei, lisemwe ni la jana, nani atagomba? Kosa ni kulipaka mafuta na kuliita la leo, tena kwa bei mara tatu ya mama anayekaanga barazani.

Basi nikauliza kwa adabu, "Ndugu yangu, haya ni ya leo?" Ndipo likaja lile jibu. Nilikuwa nimekwisha pasua mawili. Mawili mengine yalikuwa sahanini, sijayagusa. Nikamwambia ayaondoe. Akayabeba, akaenda mpaka kwenye kabati la kioo pale kaunta, akalifungua, akayarudisha juu ya mengine.

Mbele ya macho yangu. Mbele ya macho ya kila aliyekuwa amekaa kuelekea kaunta, na ya mwenzake aliyekuwa kwenye pesa, ambaye hakutikisa hata kope.

Nilisimama nikamwambia, "Hayo yameshakaa mezani kwa mtu." Akajibu, "Si hukuyagusa?" Hajui kama nimeyagusa. Hajui kama nimeyakoholea. Chakula kikishatua mezani kwa mteja hakirudi kabatini, na hilo ni jambo la kwanza anaposimama mtu kuhudumu, kabla hajafunzwa kubeba sahani mbili kwa mkono mmoja. Cheti cha afya kilikuwa kimetundikwa ukutani, kwenye fremu nzuri, juu ya kabati lenyewe.

Tangu hapo kila kitu pale kilinichefua: kitambaa cha meza, kelele za feni, sukari iliyoshikana kwenye kopo. Najua sukari hushikana popote penye unyevu wa bahari. Bado ilinichefua.

Na hapa ndipo panaponiumiza zaidi, kwa sababu mbaazi zilikuwa nzuri. Lazima niseme. Zilikuwa zimelowekwa usiku kucha, si zile za kuharakishwa kwa magadi mengi zikaja na ladha ya sabuni. Punje zilikuwa nzima lakini zinasagika kwa ulimi. Vitunguu na pilipili vilikuwa vimepikwa ndani ya tui jepesi, na tui zito limetiwa mwisho, moto mdogo, likikorogwa bila kufunikwa, ndiyo maana halikukatika. Tui lililochemshwa kwa fujo huachana, mafuta yakaelea juu na chengachenga nyeupe zikabaki chini. Hili lilikuwa limeshikamana, zito, limefunika punje. Chai nayo haikuwa na kasoro: tangawizi ilichemshwa kwanza kwenye maji, maziwa yakafuata, hayakukatika.

Yaani jikoni yupo mtu anayesimama juu ya sufuria la mbaazi asubuhi na mapema akikoroga tui lisikatike, halafu bakuli lake linapelekwa mezani pamoja na mahamri yale. Mtu huyo naye wamemdhulumu. Mbaazi haziliwi peke yake. Zinahitaji hamri la moto, lenye uwazi wa kuchotea, lisilo na mafuta ya ziada, kwa sababu tui lenyewe lina mafuta ya kutosha. Ukizilia na hamri lililolowa, kwenye tonge la tatu koo linakataa.

Nililipa mbaazi, chai na yale mawili niliyopasua. Hakuna aliyeomba radhi. Hata "pole" ya kupita tu, hakuna.

Nilianza kuandika haya nikiwa nimeamua sikanyagi tena tawi lolote lao. Nikifikiri zile mbaazi, nasita. Anayetaka kwenda, aulize kwanza wanakaanga saa ngapi na afike saa hiyo, akae mahali anapoliona karai, apasue hamri la kwanza kabla hajachovya. Likirefuka badala ya kupasuka, alikatae, na alipasue vipande vipande kabla halijaondolewa, lisije likauziwa mwingine.

Mimi mahamri yao basi, mpaka nione lile kabati limeondolewa au limewekewa mtu mwenye haya. Mbaazi nitazinunua kwenye chombo changu, za kubeba. Mahamri nitachukua kwa mama wa barazani, anayefunga karai saa tatu kwa sababu yamekwisha.