Switch ya mtumba: miezi minne ya kuchomeka na kuchomoa

Nipo Shangani, Mtwara, na huu ni mwezi wa nne natumia Nintendo Switch, mashine ya gemu ya kuchezea kwenye TV au mkononi, niliyoinunua mkononi mwa mtu. Ni toleo la kwanza, lile lililotoka Machi 2017, kioo inchi 6.2.

Kilichonifanya niipende ni Jumamosi moja usiku. Mimi na mwipwa wangu wa miaka minane tulikuwa tunacheza mpira kwenye TV, mbili kwa mbili, dakika ya themanini na ushee, umeme ukakatika. Wakati wetu kwenye banda la gemu hapo ndipo ugomvi ulipoanzia: nani alikuwa anaongoza, nani arudishiwe hela yake. Safari hii nilipapasa gizani, nikainyanyua mashine kutoka kwenye doki, kile kikalio chake cha kando ya TV, nikaisimamisha mezani, tukachomoa pedi zile ndogo za pembeni kila mtu yake. Mechi ikaendelea pale pale ilipoishia. Dogo akanifunga la tatu, ila hilo siwezi kulisingizia mashine.

Wengi wanaokuja nyumbani hudhani doki ndiyo mashine yenyewe. Wapi! Doki inapitisha chaji na kupeleka picha kwenye TV kwa waya wa HDMI, basi. Akili yote imo kwenye kile kibao unachokishika. Kikiwa kwenye doki kinajikaza zaidi, picha ya TV inaweza kufika 1080p (namba ikiwa kubwa, picha ni kali zaidi). Ukikichomoa kinapunguza kasi kulinda betri na kioo chake kinaonyesha 720p. Kwa jicho langu, kioo kidogo hivyo hakinipunguzii utamu.

Mimi nilidhani huu ni ubunifu wa juzi, kumbe wazo ni la kitambo. Mwaka 1990 NEC walitoa TurboExpress, gemu ya mkononi iliyokula kadi zile zile za mashine yao ya nyumbani. Mwaka 1995 Sega wakaja na Nomad: unachomeka kaseti za Mega Drive (Marekani waliiita Genesis), unacheza njiani, ukifika nyumbani unaiunga na TV, na mwenzako anachomeka pedi yake. Hiyo ndiyo Switch kabisa, miaka zaidi ya ishirini kabla! Tatizo tumbo. Nomad ilikuwa inakula betri sita ndogo, zile za saa ya ukutani, na zinaisha kwa saa mbili au tatu. Piga hesabu ya betri sita kila jioni dukani kwa Mangi uone kama ungeendelea kucheza.

Nintendo nao walizunguka sana kabla ya kufika. Mwaka 1994 walikuwa na Super Game Boy, ya kuchezea kaseti za mkononi kwenye TV. Wii U ya 2012 ilikuwa na pedi yenye kioo, lakini picha ilirushwa kutoka kwenye boksi lililobaki sebuleni. Ukienda mbali nalo inakatika. Ziliuzwa kama milioni 13 na nusu tu. Switch imepita milioni 150. Kwangu siri ni kwamba safari hii hawakuibana mashine ya sebuleni iingie mkononi. Waliweka chipu ya jamii ya tableti, Tegra X1 ya Nvidia, na betri ya kuchaji kama ya simu, halafu TV ikaja kama nyongeza.

Sasa malalamiko, na yanamhusu aliyeniuzia. Aliniapia ni toleo la 2019, lile linalokaa na chaji saa 4.5 hadi 9. La kwanza ni saa 2.5 hadi 6.5. Nilipanda nayo basi la Masasi, gemu nzito, hata Ndanda hatujafika ikazima. Ndipo nikasoma maandishi madogo ya mashine, namba ya toleo: HAC-001, bila ile (-01) inayofuata kwenye toleo la 2019. Ukienda kununua ya mtumba soma hayo kwanza, maneno ya muuzaji baadaye.

Kadi za gemu ni ndogo kama stempu, nazo zimepakwa dawa chungu makusudi ili mtoto asimeze. Inafanya kazi. Mwipwa wangu alijaribu moja, akatema mbio mpaka uani: "Mjomba, hii shubiri!" Akasukutua vikombe vitatu vya maji na bado amekunja uso.

Muuzaji nilimrudia. Alibisha, nikamwonyesha yale maandishi, akakubali kunirudishia elfu thelathini. Nimeongezea kidogo, nimenunua pawabenki yenye tundu la USB-C. Jumapili nairudia safari ya Masasi.