Huduma ya vifurushi, Uyole: njia ya akiba ipo, nafasi haitoshi

Mzigo wa Songea kutoka Mbeya lazima upite Makambako, na kampuni nyingi hukwama hapo hapo. Hii ya Uyole imejipanga. Kila kifurushi kina lebo ya vituo viwili, kikuu na cha akiba: Makambako pakielemewa, gari linapitiliza na mzigo unachambuliwa, yaani kutengwa kwa kila uendako, Njombe. Lebo inafunikwa kwa selotepu pana, maana mvua ya huku hufuta wino wa makapeni mapema.

Kwa mizigo ya Dar es Salaam, lori likianguka na kuziba barabara ya mlima Kitonga, magari hugeuzwa Iringa kupitia Mtera na Dodoma. Ni mzunguko mrefu, lakini ni lami. Vizuri sana.

Tatizo ni Njombe kwenyewe: mzani mmoja, wachambuzi wawili. Kituo cha akiba kisichoweza kumeza mzigo wa kile kikuu huhamisha foleni tu. Magunia 300 yakiingia mahali penye uwezo wa 100 kwa usiku, ya mwisho yanaondoka usiku wa tatu. Waongeze mzani na vibarua wa kuitwa kwa simu. Nanyi wateja, vifaranga na dawa haviwezi kungoja foleni: msitume siku za mvua kubwa.