Ukumbi Mmoja wa Sherehe Sinza: Viti Vizuri, Wazee wa Kukodi

Ukumbi ninaoutathmini hapa uko Sinza, si mbali na Barabara ya Shekilango. Jina lake silitaji, kwa sababu kasoro nitakazozieleza si zake peke yake: utazikuta pia Mbezi, Tabata na Mbagala kwa bei inayopishana kidogo. Familia yetu iliukodi kwa kicheni pati, yaani sherehe ya wanawake ya kumfunda bibi harusi, na kwa harusi ya binti wa marehemu kaka yangu, nami nikiwa baba mdogo wa bibi harusi niliingizwa katika kamati upande wa fedha. Tulinunua kile ambacho wenyewe wanakiita kifurushi kamili. Ndani ya bei moja mlikuwa na ukumbi wa kukaa watu 300, mapambo, chakula, muziki, mshereheshaji, wapiga picha, keki, gari la maharusi na, kwa nyongeza ya shilingi 400,000, mama wa kumfunda bibi harusi. Kwa nyongeza nyingine, ndogo zaidi, angepatikana hata mzee wa kuzungumza kwa niaba ya familia iwapo familia haina msemaji.

Yanayostahili sifa si machache. Viti vilikuwa imara na vitambaa vyake vimefuliwa, vyoo vilibaki safi mpaka usiku, na umeme ulipokatika jenereta iliwaka kabla wageni hawajamaliza kuguna. Pilau ilikuwa pilau ya kweli, yenye viungo na nyama ya kutosha, ingawa kuku alikauka na kachumbari iliisha mapema. Wahudumu walikuwa na adabu na hawakuwa na ile tabia ya kuficha soda kwa ajili ya meza za mbele. Kwa upande wa vitu, kwa hiyo, mwenye ukumbi anatimiza alichokiahidi, na fedha tuliyomlipa hatuijutii.

Ugumu unaanza pale ambapo kifurushi kinavuka vitu na kuingia katika nafasi za watu. Katika ukoo wetu mtu wa kumfunda binti, mtu wa kuwasemea wazazi na mtu wa kupokea wageni mlangoni walikuwa ni watu wenye udugu na jukumu, ambao usingeweza kuwabadilisha kwa sababu tu hawana sauti nzuri. Sasa wamo katika orodha ya bei, mstari mmoja chini ya keki. Mpwa wangu mmoja, aliyezaliwa baada ya mwaka 2000, hakuona ajabu yoyote, na sina haki ya kumlaumu, kwa sababu amekulia ndani ya mambo ambayo sisi tuliyaona yakiingia. Yaliingia katika miaka kumi ambayo ninaiona kuwa ndiyo iliyotubadilisha kuliko mingine yote tangu Uhuru, yaani kati ya 1985 na 1995.

Rais Ali Hassan Mwinyi alipoapishwa Novemba 1985 nchi ilikuwa imechoka. Watu walipanga foleni ya sabuni, ya sukari na ya unga, na nguo mpya ilikuwa habari ya mtaa mzima. Mwaka mmoja kabla yake serikali ilikuwa tayari imewaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuhojiwa sana walizipataje, na mwaka 1986 tukasaini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Maduka yakajaa, mitumba ikatuvika, na Mwinyi, tuliyemwita Mzee Ruksa kwa kuruhusu yaliyokuwa yamezuiwa, akapendwa kwa jina hilo. Mimi pia nilimpenda. Mtu anayeniambia leo kwamba maisha ya foleni yalikuwa na utu zaidi, aghalabu hakuwahi kurudi nyumbani mikono mitupu wakati kuna mtoto mchanga ndani.

Lakini mabadiliko hayakuishia dukani. Shilingi, ambayo mwaka 1985 ilibadilishwa rasmi kwa takriban 17 kwa dola moja, ilifika 1995 ikiwa imepita 500, na mshahara wa mwalimu, wa karani na wa muuguzi ukawa ni nauli na mboga tu. Kila nyumba ikatafuta mradi: kuku uani, maandazi, genge, baa ya chumba kimoja. Baadaye wakaja waliopunguzwa kazini, ada za shule na kuchangia gharama za hospitali, na kila kimoja kikamfundisha mwananchi kwamba huduma ina bei yake na wa kuilipa ni yeye. Mwaka 1991 chama tawala kikapitisha Azimio la Zanzibar, na viongozi ambao kwa mujibu wa Azimio la Arusha hawakuruhusiwa kuwa na mishahara miwili au kupangisha nyumba wakafunguliwa mlango. Mwaka uliofuata ukaja mfumo wa vyama vingi. Mwaka 1993 tulishuhudia mabucha ya nyama ya nguruwe yakivunjwa katika jiji hili hili, jambo ambalo kizazi chetu hakikuwahi kulifikiria. Mwaka 1994 Bara ikapata televisheni ya kwanza, miaka zaidi ya ishirini baada ya Zanzibar, na mashindano ya urembo yaliyokuwa yamefungiwa tangu mwishoni mwa miaka ya sitini yakarudi katika mwaka huo huo.

Athari za kiuchumi za miaka ile zimeandikwa sana na wenye elimu yake. Kinachonishughulisha mimi ni kwamba ilituondolea aibu ya aina fulani. Kabla yake mtu mwenye uwezo alijizuia kuuonyesha, ama kwa kuogopa chama, ama kwa kuona haya mbele ya jirani. Baada yake kujizuia kukaonekana ni ushamba, na harusi, ambayo ni siku pekee watu wote wa ukoo wanakutana wakiwa wamevaa vizuri, ikawa uwanja wa kuonyeshana. Wakati huo huo wakubwa wa ukoo walikuwa wamepungukiwa na kitu kingine, nacho ni muda. Shangazi mwenye mradi wa kuku hawezi kuja kukaa na mwali wiki tatu. Na hata akija, nyumba ya vyumba viwili Manzese haina pa kumlaza. Nafasi yake ilikuwa wazi kabla hajatokea mtu wa kuiuza.

Haki inanitaka niseme kwamba mamlaka ya wazee hayakuwa mazima hata tulipoyafikia mageuzi hayo. Miaka ya kabla ilikwisha kuyatafuna kwa namna nyingine. Operesheni Vijana ya mwaka 1968 iliwapa vijana wa chama kazi ya kukagua sketi na suruali za watu barabarani, na Kariakoo wasichana wakafukuzwa na kudhalilishwa kwa jina la utamaduni. Wale waliodhani kwamba serikali inaweza kulinda adabu kwa amri na mgambo walimnyang'anya mama mzazi kazi yake bila kuiweza wao wenyewe. Ruksa ilipokuja, amri ikaondoka, na mama mzazi hakuwa na zoea la kuifanya tena. Kwa hiyo simo miongoni mwa wanaotaka serikali irudi kupima urefu wa nguo.

Nirudi ukumbini. Mama wa kufunda aliyekuja na kifurushi chetu alikuwa hodari jukwaani, na nasimulia kwa niaba ya shemeji yangu na dada zangu, kwa kuwa sherehe ile wanaume hatuingii. Alifika amechelewa akitokea sherehe nyingine, akalisoma jina la bibi harusi kwenye karatasi, akashika kipaza sauti na kuzungumza kwa muda mrefu mambo ya chumbani mbele ya wafanyakazi wenzake binti, wakwe watarajiwa na wasichana wa shule, huku kamera ikichukua. Walicheka sana. Kila baada ya kipande alisimama atunzwe, na noti zikamiminika. Halafu akapokea bahasha yake na kuondoka.

Huku Pwani tunajua kazi ile ilikuwaje. Mzaramo aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akakabidhiwa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti, kama ishara ya uzao wake, na akafundwa na wanawake waliomjua tangu anatambaa. Maneno yalikuwa makali kuliko ya mama yule wa kifurushi, tena wazi zaidi, lakini yalisemwa mahali pake na kwa aliyestahili kuyasikia. Sizifichi kasoro za mila ile: kumfungia msichana ndani wakati wenzake wako shuleni kulikuwa ni hasara, na waliokupinga walikuwa na hoja. Jambo ambalo halina kasoro ni kwamba somo, yaani mwanamke aliyemfunda binti, alibaki kuwa somo. Ndoa ikiyumba mwaka wa tatu, yeye ndiye wa kwanza kuitwa, na ikivunjika, fedheha ni yake pia. Ukinunua friji Kariakoo unapewa dhamana ya mwaka. Mama wa shilingi 400,000 hakuacha hata namba ya simu. Katika tathmini ya huduma yoyote nyingine hicho kingehesabiwa ni kipengele kilichofeli.

Mlangoni hali ilikuwa ni hiyo hiyo. Kanuni ya ukumbi ni kwamba hapiti mtu bila kadi, na kadi hutolewa kwa aliyekamilisha mchango, ya mtu mmoja kwa kiwango kimoja na ya wawili kwa kiwango kingine. Naielewa sababu, kwa kuwa sahani zinahesabiwa na chakula kinalipiwa kwa kichwa. Lakini mama mmoja jirani yetu wa zamani, aliyembeba bibi harusi mgongoni wakati mamake yuko kazini, alizuiwa na mlinzi kwa sababu ahadi yake ilikuwa imelipwa nusu, na ilibidi mtu atoke meza kuu kwenda kumchukua. Mchango wa harusi ulikuwa ni deni la utu: leo wewe, kesho mimi, na asiye na fedha huleta kuni, mkaa au mikono yake. Ulipogeuka kuwa tiketi, aliyezoea kuleta mikono akakosa cha kuleta. Kundi la WhatsApp la kamati, ambamo majina ya waliolipa hubandikwa kila jioni ili wasiolipa wajione, ni mtoto halali wa ile miaka tuliyopoteza haya.

Kuhusu mshereheshaji sitasema mengi. Anajua kazi, anachekesha, na muziki wake una sauti ya kuziba masikio. Alimpa mjomba wa bibi harusi, aliyesafiri kutoka Utete, dakika mbili za nasaha, kisha akamwashia wimbo katikati ya sentensi kwa sababu ratiba ilikuwa imebana. Ukataji wa keki ulichukua karibu nusu saa.

Wapo ndugu zangu wanaoniona mkali, na wana hoja moja ambayo naikubali kwa moyo wote. Shemeji yangu aliniambia kwamba hii ilikuwa harusi ya kwanza ya ukoo aliyoikalia kwenye kiti tangu mwanzo hadi mwisho. Katika harusi zote tulizozisifia za uani, zenye maturubai na masufuria ya kuazima, yeye na wenzake walikesha moshini na kuosha vyombo hadi alfajiri, nasi wanaume tukila na kuusifu umoja wetu. Mhafidhina asiyeliona hilo anahifadhi starehe yake tu. Kununua mapishi, viti na usafi kumewapa wanawake wa familia zetu nafasi ya kuwa wageni katika furaha yao wenyewe, na kama hiyo ni zawadi ya miaka ya Ruksa, basi tuipokee na kushukuru.

Sheria nayo haikumlazimisha mtu kununua zaidi ya hapo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazungumzia tangazo la siku 21, ridhaa ya wawili, mfungishaji mwenye mamlaka na mashahidi wasiopungua wawili, na inazitambua ndoa za dini, za kimila na za kiserikali bila kutaja jukwaa wala gari la kukodi. Ndoa ya binti yetu ilikamilika asubuhi kanisani, na kila kilichofuata tulikichagua sisi.

Kwa anayetaka kuutumia ukumbi huu, au wowote unaofanana nao, ushauri wangu ni kuukodi kwa kuchagua. Mwenye ukumbi anakubali kuvunja kifurushi ukimbana mapema, ingawa atakuambia mwanzoni kwamba haiwezekani. Chukua chakula, viti, jenereta na walinzi. Mama wa kufunda na mzee wa kusema waondolewe kwenye orodha, na punguzo lake litumike kuwalipia nauli na malazi shangazi na wajomba wa kweli, wafike siku chache kabla, wakae na binti bila kipaza sauti. Mshereheshaji apewe ratiba iliyoandikwa na familia, nasaha za wazee zikiwa kabla ya chakula, wakati watu bado wanasikiliza. Weka pembeni kadi angalau ishirini zisizo na bei kwa majirani na watu wazima wasio na kipato, na majina yao yawe kwa mlinzi tangu mchana. Malipo ya awali ni nusu ya gharama na hayarudishwi tarehe ikibadilika, hivyo hakikisha kwanza tarehe ya kanisani au msikitini, na dai risiti ya mashine siku hiyo hiyo unapolipa.