TAHADHARI: Anauza mbao mbichi na "mpingo" wa kupakwa rangi kwa wanaojifunza kutengeneza gitaa

Jamani, kuna mtu anauza mbao za kutengenezea gitaa la umeme, biashara yote kwa simu. Ana picha nzuri, ana maneno ya kifundi, na ana subira ya kumsikiliza mtu anayeanza. Msimtumie hela. Mbao zake ni mbichi, mpingo wake si mpingo, na ukilalamika anakwambia umeharibu mwenyewe.

Mnaonifahamu mnajua gitaa ninalojitengenezea lilipofika, kwa hiyo sirudii habari za bodi, yaani mwili wake, wala za lile tundu la kupachikia shingo. Pikapu, zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi, zilikuwa tayari kwenye boksi. Ilibaki shingo, na shingo nilikuwa naiogopa. Nyuzi sita za kawaida zikikazwa mpaka zitoe sauti yake, zinavuta kwa nguvu inayokaribia kilo 45, saa zote, hata gitaa likiwa limetundikwa ukutani. Ubao mbovu hauvumilii hiyo. Ndiyo maana sikutaka kuokoteza, nikatafuta mtu anayezijua mbao.

Na huyu anazijua, hapo ndipo panaponiuma. Swali lake la kwanza halikuwa bei. Aliniuliza, "Fundi wangu, unajenga kwa urefu wa nyuzi wa milimita 648 au 628?" Yaani urefu wa ile sehemu ya uzi inayotetemeka. Sasa niambieni, tapeli gani anauliza hivyo? Akaendelea: usichukue ubao uliopasuliwa ovyo, chukua ule ambao ukiutazama kwenye ncha, mistari yake imesimama wima, kwa sababu huo haupindi upesi. Ni kweli. Akanieleza kwa nini mpingo ni ghali, kwamba mti wenyewe unakua polepole mno na kwamba tangu 2017 jamii nzima ya miti hiyo iko kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kuuvusha mpakani kunahitaji kibali. Ni kweli pia. Kila alichokisema nilikwenda kukikagua na nikakikuta ni sahihi. Mtu akikwambia ukweli mfululizo, unamuamini.

Kisha akanipigia simu ya video. Naikumbuka yote, maana nilijirekodia nikidhani nitajifunzia. Ubao wa mepo, mti wa kutengenezea shingo, uko juu ya meza, taa inaangaza kwa pembeni, mistari ya mbao inaonekana mmoja mmoja. Akaunyanyua kwa vidole viwili, akaugonga kwa kifundo cha kidole. Ukalia. "Sikia hiyo, mbao mbichi hailii hivyo." Akachukua kipima unyevu, akakisogeza kwenye kamera mpaka namba ikajaa skrini: 8. Mbao ya ala ya muziki hutakiwa iwe na unyevu wa asilimia 6 hadi 8 hivi, kwa hiyo moyo ukatulia. Nikamuuliza mbona ncha zimepakwa nta. Akajibu bila kusita kwamba nta inazuia ncha zisipasuke, na kweli wauza mbao hufanya hivyo. Akamalizia na ubao wa freti, ule wa mpingo unaobandikwa juu ya shingo, mweusi tii, mifereji ya kupachikia freti, vile vyuma vyembamba, imeshakatwa yote. "Hapa nimekurahisishia, wewe ni kupachika freti tu."

Halafu likaja la mteja mwingine anayeutaka. "Nakushikia mpaka jioni kwa sababu wewe una nia." Nikatuma hela yote.

Mzigo ulifika umefungwa nailoni tabaka juu ya tabaka, mzito. Nikafurahia uzito, nani asingefurahi? Mbao nzuri ni nzito, tumeambiwa hivyo sote. Ndani ya nailoni kulikuwa na matone madogo ya maji, na ubao ukiushika ni wa baridi kwenye kiganja. Nilipouingiza kwenye randa, maranda yakatoka laini, marefu, yanagandamana, hayana ule mlio mkavu. Nikaunyoosha, nikaupima, nikauacha juu ya benchi. Niliporudi kuuangalia nikaweka vijiti viwili vilivyonyooka, kimoja kila ncha, nikachungulia usawa wake kama tunavyofanya siku zote. Kimoja kimelala, kingine kimeinua upande. Ubao umejisokota. Nikaupiga randa tena, ukajisokota tena. Mbao mbichi inapokauka husinyaa, na haisinyai sawasawa kila upande, kwa hiyo utairanda mpaka iishe na bado itaendelea kutembea.

Ubao wa freti ndio ulionifungua macho. Mpingo una mafuta, ndiyo maana mafundi huufuta kwa spiriti upande wa chini kabla ya kupaka gundi, ishike vizuri. Nikachukua kitambaa cheupe, nikamwagia spiriti kidogo, nikapitisha mara moja. Kitambaa kikatoka cheusi kama nimefuta viatu. Nikapitisha tena, na tena, mpaka pale nilipokuwa nasugua pakaanza kuonekana mti wenyewe: manjano hafifu, vinyweleo vikubwa vikubwa, mti wa kawaida kabisa. Mpingo halisi nao unaweza kuacha doa kwenye spiriti, lakini hauwi mweupe chini. Nikakata kipande kutoka ncha iliyozidi nikakitia kwenye beseni la maji. Mpingo huzama. Hiki kilielea.

Mikono ikaanza kunitetemeka, nikachukua rula ya chuma. Mfereji wa 12 unatakiwa uwe nusu kamili ya urefu wa nyuzi, kwenye 648 ni milimita 324. Wa kwangu uko pungufu ya hapo kwa karibu milimita tatu. Mfereji wa kwanza unapatikana kwa kugawa 648 kwa 17.817, unapata kama milimita 36.4, na kila unaofuata unagawa urefu uliobaki kwa namba hiyohiyo. Yake haifuati hesabu yoyote. Imekatwa kwa macho! Gitaa lenye ubao ule lisingekaa kwenye sauti hata likichezwa na nani.

Nikampigia. Alinisikiliza, akacheka kidogo, akasema: "Mbao hupinda kwa mtu asiyejua kuitunza. Wewe si ndiyo unajifunza?" Akakata. Nilipopiga tena nilikuwa nimeshazuiwa.

Hilo neno ndilo biashara yake yenyewe. Anawatafuta wanaoanza makusudi, kwa sababu anayeanza shingo ikipinda hujilaumu, hudhani amekosea gundi, amebana vibaya, amekosa mkono. Na mimi, kabla ya kile kitambaa, nilishaanza kuwaza kwamba kazi hii hainifai. Niliona aibu hata kumwambia aliyeniazima vibanio. Ni wangapi wameacha kabisa na vifaa vyao vimefunikwa kona kwa sababu ya ubao wa mtu huyu?

Kwa hiyo msiniambie nimsamehe. Arudishe hela za watu, zote, na nauli za mizigo. Laini anazopokelea hela zifungwe. Kurasa zake zifungwe. Afikishwe polisi na kutoka hapo mahakamani, aeleze mbele ya hakimu jinsi mti wa kawaida unavyogeuka mpingo. Kupaka rangi ubao na kuuuza kwa jina la mti ambao kibali chake anakijua vizuri hivyo si mzaha wa sokoni, ni wizi, na aitwe mwizi.

Mliouliza namna ya kumtambua: ncha. Nta ile ilizuia nisione mistari. Muuzaji mwaminifu atakukatia kipande chembamba kwenye ncha mbele ya kamera, huyu atakwambia utaharibu mbao. Na nimeirudia ile video: ubao uliogongwa hauna kifundo, lile jicho la mti pale tawi lilipoota, ubao uliopimwa unyevu una kifundo kidogo karibu na meno ya kipima. Ni mbao mbili tofauti! Kamera ilisogezwa karibu ili nisione. Ukitaka kupimiwa, simu isikatike wala isisogezwe kuanzia ubao mzima mpaka namba, na meno yachomwe ndani ya mbao, yasiwekwe juu juu. Mengine yapo hapo juu: spiriti, maji, rula, fanya hayo kabla hujaugusa kwa randa. Na akikuharakisha kwa mteja mwingine, mwache amuuzie huyo mteja. Ila mimi kwa kweli ninachotaka kwanza ni akamatwe, maana akishafunga ukurasa huu atafungua mwingine.

Mlionunua kwake: msiitupe mbao hata kama imeshapinda, msikate zaidi, na nailoni ya mzigo ihifadhini kama ilivyokuja. Picha za mazungumzo, ujumbe wa kutuma hela, rekodi za video kama unazo, nitumieni faragha. Ameshanijibu mtu mmoja, naye ana ubao mweusi wenye mfereji wa 12 uliokosea upande uleule. Tukiwa wengi jalada linakuwa moja, na nalipeleka polisi mwenyewe, nikiwa nimebeba ule ubao na kile kitambaa.