Mafunzo ya kuzuia visu, Kisauni, Mombasa: siku ya pili ndiyo ya kuhudhuria

Mafunzo haya ya siku mbili katika ukumbi wa mtaa yamelenga vijana wa miaka 12 hadi 17, bila malipo. Tunayapa nyota tatu kati ya tano, na karibu zote ni za siku ya pili.

Siku hiyo ni ya damu. Mkufunzi anajaza ndoo lita 5 za maji mekundu, kadiri ya damu ya mtu mzima, kisha anamwaga 2: hapo mtu yuko ukingoni mwa mauti. Ule usemi wa maskani kwamba kisu cha paja ni cha kutia adabu tu unakosa pa kusimama, maana mshipa mkubwa wa paja ukikatika mtu huisha kwa dakika chache. Halafu kila kijana anakunja leso na kukandamiza jeraha la bandia kwa mikono miwili na uzito wa mwili. Wengi hukosea kwa kuchungulia: wakiinua leso, damu iliyoanza kuganda inabanduka. Ikilowa, inaongezwa nyingine juu yake. Kisu kilichokwama hakichomolewi, ndicho kizibo. Kutia jeraha kahawa au mafuta ya taa ni marufuku. Tuktuk ikitangulia ambulensi, mmoja apande na majeruhi huku akikandamiza.

Sheria imeelezwa vizuri. Kukutwa na silaha katika mazingira yanayoonyesha nia ya kutenda kosa kubwa, kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu, ni miaka 7 hadi 15, hata kama hakuna aliyeguswa. Na tangu Sheria ya Watoto ya 2022, asiyeweza kushtakiwa ni wa chini ya miaka 12, si 18.

Siku ya kwanza imeharibika. Picha za majeraha, kisha meza ya visu na mapanga. Kijana wa kisu aghalabu anakibeba kwa hofu. Ukimtisha, umemzidishia sababu, na meza ile inamwambia kwamba kila mtu anabeba. Marekani walijaribu kutisha vijana kwa ziara za gerezani, mpango wa Scared Straight, na tafiti zikaonyesha waliopelekwa walivunja sheria zaidi ya wasiopelekwa.

Zoezi la kujiondoa kwenye ugomvi, ambalo lingestahili asubuhi nzima, limepewa dakika 20, vijana 60 kwa mkufunzi mmoja. Makundi ya 12 yangefaa. Kumwambia kijana "ondoka tu" hakusaidii, maana ataitwa mwoga. Anahitaji kisingizio cha kumlindia heshima, mathalani "mama ananipigia", akizoee mpaka kimtoke bila kufikiri.

Ratiba nayo: Jumamosi saa tatu asubuhi, saa za madrasa! Baada ya alasiri wangejaa.

Ukimpeleka mwanao, mfungie leso mbili kuukuu. Za ukumbini hazitoshi.